Skidi stia inachemsha oili ya haidroliki? Usikimbilie pampu

Skidi stia, ule mtambo mdogo wa tairi nne wenye baketi mbele na mikono ya kunyanyulia, taa yake ya joto la haidroliki imewaka, opereta kazima mtambo kakaa kivulini, ukifika unakuta injini haina tatizo lolote, maji yapo, geji ya injini imetulia katikati, ila oili ya haidroliki ukisogeza kiganja karibu na tangi unakirudisha mwenyewe. Na hapo tayari kuna mtu kashasema "hiyo ni pampu hiyo". Sijui kwa nini ila kila skidi stia ikichemsha lazima atokee mtu wa kusema pampu, na pampu ndo kitu cha gharama kuliko karibu vyote kwenye huo mtambo, alafu mara nyingi inafungwa mpya na mtambo unachemsha vilevile kama jana. Kwa hiyo hapa naandika jinsi mimi ninavyolisaka hilo joto, kuanzia vitu vya bure hadi vya hela, na pampu nimeiweka mwisho kabisa kwa makusudi.

Kwanza elewa joto linatoka wapi, maana bila hapo utakuwa unabahatisha tu. Pampu inachukua nguvu ya injini inaipa oili. Oili ikienda kusukuma silinda au kuzungusha mota ya tairi, nguvu imefanya kazi yake imeisha. Ila oili ikishuka presha mahali bila kusukuma kitu chochote, labda imepenya kwenye tundu jembamba, au imemwagwa na rilifu valvu (ile valvu ya usalama inayofunguka presha ikifika kikomo) kurudi tangini, ile nguvu haiendi mbinguni, inageuka joto palepale. Kuna hesabu moja rahisi naomba uishike kichwani: chukua lita kwa dakika, zidisha na presha ya bar iliyopotea, gawa kwa 600, unapata kilowati za joto. Mfano pampu inatoa lita 75 kwa dakika na zote zinapita rilifu kwa bar 200, hapo ni kilowati 25. Birika la umeme la nyumbani ni kama kilowati 2 hivi, kwa hiyo ni mabirika kumi na mbili yanachemka kwa pamoja ndani ya tangi lako dogo. Na kapla (kile kiungio cha hosi cha kuchomeka na kuchomoa) moja tu iliyobana ikapoteza bar 20 kwa lita zilezile ni kilowati 2.5, birika moja na zaidi kidogo. Mimi huwa napima kila kosa kwa mabirika, inasaidia kujua kipi cha kukimbilia kwanza.

Jambo lingine la kulijua ni kwamba hii mashine iliumbwa ndogo. Wale ndugu wawili Keller, Louis na Cyril, kule Minnesota Marekani mwaka 1957 walitengeneza ile ya kwanza kwa ajili ya kusafisha banda la bata mzinga, ilitakiwa izunguke kwenye kona ambayo trekta haingii. Mpaka leo kila kitu kimebanwa nyuma pale, injini, pampu, rejeta ya maji, rejeta ya oili, vyote vinavuta hewa kwenye mlango mmoja, na tangi la oili ni dogo ukilinganisha na la ekskaveta. Oili kidogo inazunguka haraka sana haina muda wa kupumzika ipoe. Ndo maana kosa dogo ambalo ekskaveta ingelimeza kimyakimya, hii inawasha taa.

Namba za kukumbuka: oili ikiwa inafanya kazi kati ya nyuzi 50 na 80 za Selsiasi hakuna shida. Ukivuka 82 hivi, sili nyingi za mpira zinaanza kukauka na kuwa ngumu kama plastiki. Na mafundi wana kipimo chao cha makadirio kwamba juu ya nyuzi 60 kila nyuzi 10 zinazoongezeka umri wa oili unakatika nusu. Taa yenyewe inawaka kwa namba tofauti kulingana na mashine, angalia kitabu chake, ila usijidanganye kwamba taa haijawaka basi mambo shwari, taa inawaka wakati uharibifu ushaanza siku nyingi.

Kabla hujashika spana

Shusha mikono ya kunyanyulia mpaka chini, au kama lazima ifanyiwe kazi ikiwa juu basi weka ule mhimili wake wa kuizuia, usitegemee haidroliki ikushikie chuma juu ya kichwa. Zima, toa funguo, toa presha iliyobaki kwenye laini kwa jinsi kitabu cha mashine kinavyosema. Tangi la moto usilifungue kwa pupa, legeza mfuniko taratibu upumue kwanza. Na hili narudia hata kama ulishaambiwa mara mia: usitafute panapovuja kwa kupitisha mkono kwenye hosi. Oili ya presha ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano inaingia chini ya ngozi, unaona kama umechomwa na mwiba tu, haiumi sana mwanzoni, ila ndani inaharibu nyama na watu wanakatwa vidole hata mkono. Tumia kipande cha kadibodi. Ikishatokea, nenda hospitali dakika hiyohiyo waeleze ni oili ya presha imeingia mwilini, usisubiri ivimbe.

Hakikisha joto ni la kweli

Sensa nazo zinakufa. Waya ukikwaruzika ukagusa bodi, taa inawaka mashine ikiwa baridi kabisa. Tafuta kipimajoto cha kupiga kwa mbali, ile bastola ya mwanga mwekundu, siku hizi ni kifaa cha kawaida na kwenye hii kazi ni macho yako. Ila kina hila yake: ukikipigisha kwenye aluminiamu inayong'aa au bomba la kroma kinakudanganya, kinasoma chini kuliko ukweli. Bandika kipande cha utepe mweusi pale unapotaka kupima, acha dakika chache ushike joto, alafu piga kwenye utepe. Mimi nabandika vipande nane kabla mashine haijaanza kazi: tangi, bomba la kuingia rejeta ya oili, bomba la kutoka, bloku ya valvu, kapla zote mbili, na mota za tairi kushoto na kulia. Baada ya hapo nazunguka tu kama nesi anapima homa wodini.

Na pima joto la hewa la siku hiyo pia. Oili inapanda juu ya hewa kwa kiasi kilekile kama kazi ni ileile, kwa hiyo hewa ikiongezeka nyuzi 10 na oili nayo inaongezeka karibu 10. Mashine iliyosoma 70 asubuhi ya baridi ikasoma 82 mchana wa jua kali pengine haijaharibika kitu, ni jua tu pamoja na rejeta ambayo haina akiba.

Muulize anayeiendesha

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye majibu mengi. Usiulize "tatizo nini", uliza inachemsha baada ya muda gani, ukiwa unafanya nini, na atachimenti gani (kifaa cha kazi kinachofungwa mbele badala ya baketi) imefungwa. Majibu yanakugawia kazi yenyewe. Ikichemsha ndani ya dakika kumi na tano hata kama haina atachimenti na kazi yenyewe nyepesi, basi kuna mahali oili inamwagwa kwa presha muda wote, hayo ni mabirika mengi. Ikichukua masaa mawili matatu na inakuwa mbaya zaidi mchana, macho yaende kwenye rejeta na feni. Ikichemsha na atachimenti moja tu, shida iko huko mbele au kwenye kapla. Ikichemsha ukitembea umbali mrefu lakini ukisimama unachimba inatulia, ni upande wa tairi. Na kama asubuhi ina nguvu ila ikishapata moto inakuwa legelege, mikono inapanda kama mzee anapanda ngazi, hapo ndo unaweza kuanza kufikiria uvujaji wa ndani.

Kuna mashine moja niliitiwa, mwenyewe alikuwa kashamwaga oili mara mbili, filta mpya, na fundi wa kabla yangu kashampa hesabu ya pampu. Nikamwambia kijana anayeiendesha aiwashe tu asiguse kitu. Injini inaguna. Haina mzigo, baketi iko chini, lakini inaguna kama inapanda mlima. Nikamuuliza "dogo, hiyo oili ya mbele umeifungulia?" Akasema "hapana fundi, mbona sijafunga atachimenti tangu juzi." Nikaingia kabini nikakandamiza kile kitufe cha leva ya kulia, kikazama hakikurudi, vumbi na grisi vimekigandisha kimekaa kwenye kuwasha. Nikakichokoa na kucha kikaruka juu, mlio wa injini ukawa mwepesi hapohapo, hata yule dogo akageuka kuangalia nyuma akidhani imezima. Sasa fikiria: laini ya atachimenti imefunguliwa, mbele kapla zimefungwa hazina kitu, oili haina pa kwenda, yote inapasua rilifu kurudi tangini kutwa nzima. Ni yale mabirika kumi na mawili. Dawa ilikuwa brashi ya mswaki na dawa ya kusafishia swichi.

Kwa hiyo sikiliza kwanza. Mashine isiyo na mzigo inatakiwa isikike haina mzigo. Ikiguna, zima laini ya mbele, ikiendelea kuguna hata kitufe kikiwa sawa basi inawezekana spuli ya valvu yenyewe, kile chuma kinachoteleza ndani yake kufungua na kufunga njia, imenasa, uchafu umeikwamisha katikati au koili yake inapata umeme wakati haitakiwi. Chomoa plagi ya koili injini ikiwa imezimwa, washa usikilize tena, unajua ni umeme au ni chuma.

Rejeta ya oili

Kama jibu la opereta limekuleta huku, jipange, maana hapa ndo penye kesi nyingi kuliko zote na watu wengi wanasema "nimeshapuliza" wakati wamepuliza ukuta. Kwenye mashine nyingi rejeta ya oili na ya maji zimelaliana, na katikati yake kuna nafasi ya vidole viwili hivi. Uchafu unapita ya kwanza unakwama katikati, ukiangalia kwa nje inang'aa, ndani kuna godoro. Nimewahi kutoa godoro la majani makavu na vumbi limeshikana na oili, likatoka zima kama mkeka, unaweza kulikunja. Hii inatokea hasa pale palipo na uvujaji mdogo wa oili au dizeli, maana mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, yakishalowa kila vumbi linaloingia linabaki.

Namna ya kujua bila kubahatisha: mashine ikiwa imezimwa na imepoa, weka tochi upande mmoja wa rejeta, wewe angalia upande wa pili, bora jioni au funika kwa turubai pawe giza. Mwanga unatakiwa upite kila sehemu. Palipo giza hewa haipiti. Kama zimelaliana fungua bawaba utenganishe, usiwe mvivu hapo, nati mbili tatu tu.

Kusafisha kuna mpangilio. Anza na hewa kavu ya kampresa, usianze na maji, maana vumbi kavu likipata maji linakuwa tope na linaingia ndani zaidi. Puliza kinyume na jinsi feni inavyopitisha hewa, ili uchafu urudi ulikotokea. Ukishatoa kikavu ndo uweke sabuni ya kuondoa mafuta, rejeta ikiwa baridi, iache iloweke, alafu suuza kwa maji ya kawaida. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari ukiisogeza karibu inalaza mapezi yote kama nyasi zilizokanyagwa, na mapezi yaliyolala ni sawa na uchafu tu. Yaliyolala yanyooshe na kitana chake au hata bisibisi nyembamba, pole pole.

Ukiwa hapohapo angalia feni. Belti ikilegea inapiga kelele asubuhi tu baadaye inanyamaza, watu wanasahau, lakini inateleza kutwa nzima. Zile sponji zinazoziba pembeni mwa rejeta kama zimeoza, hewa ya moto ya injini inazunguka inarudi kuvutwa tena, mashine inapumua pumzi yake yenyewe. Kama feni ilifunguliwa karibuni angalia haijafungwa kinyumenyume: feni ya mapanga ikigeuzwa mgongo bado inasukuma hewa upande uleule, ndo maana mtu hagundui, ila inasukuma kidogo sana. Kwa mashine zenye feni inayoendeshwa na haidroliki, usiangalie kama inazunguka tu, inabidi izunguke kwa kasi yake.

Baada ya kusafisha, pima bomba la kuingia na la kutoka mashine ikiwa kazini. Yote mawili yakiwa moto karibu sawa na hewa inayotoka ni dhaifu, bado hewa haipiti. Hewa ikiwa ya kutosha, la kuingia moto, la kutoka uvuguvugu kabisa lakini tangi bado linachemka, hapo oili inayopita ni kidogo mno, ama rejeta imeziba kwa ndani ama ile valvu ya kukwepesha imekwama wazi na oili inapita njia ya mkato kurudi tangini. Valvu hiyo ipo kwa ajili ya oili baridi isipasue rejeta asubuhi, springi yake ikikatika au kipande cha sili kikikaa chini yake haifungi tena. Hili ni kosa linalosumbua akili kwa sababu kila kitu ukikiangalia ni kizima.

Oili yenyewe

Kiwango kipime jinsi kitabu kinavyotaka, kawaida mikono chini, baketi imelala tambarare, injini imezimwa. Oili ikipungua lita chache kwenye tangi dogo hivi, iliyobaki inazunguka mara nyingi zaidi.

Chota kidogo kwenye chupa ya kioo safi uiweke kwenye mwanga. Ikiwa na povu ambalo baada ya muda linapanda juu na oili inabaki safi, hiyo ni hewa, kuna mahali pampu inanyonya upepo, na viputo vya hewa vikikandamizwa na presha vinatoa joto kali pamoja na kula pampu. Kaza klempu za hosi kubwa ya kunyonya kutoka tangini, au mwagia oili kidogo kwenye maungio mashine ikiwa imewaka, mahali mlio unapobadilika ndo penyewe. Ikibaki nyeupe kama maziwa hata ikikaa usiku kucha, ni maji. Ikiwa nyeusi na inanuka kama chapati iliyoungua, ishapikwa, imwage, hakuna dawa nyingine.

Uzito wa oili nao usichukulie poa. Kila mashine ina aina yake kitabuni, zingine zinatumia ya injini 10W-30, zingine oili ya haidroliki ya gredi ya 46, na kadhalika. Ukiweka nyepesi mno ikipata moto inakuwa kama maji, inapenya kila nafasi ndani ya pampu na mota, kupenya kunaleta joto, joto linaifanya nyepesi zaidi, duara linajizungusha lenyewe. Waliochanganya madumu ya aina tatu kwa sababu "zote ni haidroliki" tunakutana nao kila siku.

Filta, badilisha, sina maneno mengi. Ila ikate uangalie ndani. Vumbi la kung'aa la chuma au vipande vya shaba vinakwambia habari za pampu au mota mapema kuliko geji yoyote.

Kapla, na mbinu ya kuruka kwa joto

Hii sijaona watu wengi wakiitumia na ni tamu sana. Oili ikishuka presha ya bar 100 bila kufanya kazi, inapanda joto kama nyuzi 6 palepale, kila inapopita. Bar 200 ni kama nyuzi 12. Maana yake ukitembea na kile kipimajoto kufuata laini, unaweza kuona kabisa joto linapozaliwa: kabla ya kitu fulani 68, baada yake 74, mwizi ni huyo.

Kapla za mbele ndo za kuanza nazo. Kapla ikiingia nusu, inashika, haivuji, mashine inafanya kazi, ila kile kijitundu ndani kimefunguka robo tu. Atachimenti inazunguka kivivu, opereta anaongeza resi, tangi linachemka. Mara nyingi ni presha iliyobaki kwenye laini inazuia kapla isizame mpaka mwisho, toa presha kwanza, futa vumbi kwenye uso wake, sukuma mpaka ule mlio wa "tak" na kola izunguke. Ukiona mtu anagonga kapla na nyundo jua ndani ishaharibika. Laini ya kurudi ikibana ni mbaya kuliko ya kwenda kwa sababu inaweza kusukuma hata sili ya mota ya atachimenti itoke nje.

Na atachimenti nayo iangalie inataka lita ngapi. Mashine ya kukata lami au ya kufyeka vichaka iliyotengenezewa mashine za lita nyingi, ukiifunga kwenye mashine ya lita za kawaida itazunguka, ila itakuwa inakwama kwama, na kila ikikwama rilifu inafunguka. Zingine zina hosi ya tatu nyembamba ya kurudisha oili ya uvujaji wa mota, ile watu wanaiacha inaning'inia au wanaiziba na boliti, Mungu wangu, usifanye hivyo. Jaribio la haraka ni kuvua atachimenti, fanya kazi ya baketi nusu saa, joto likishuka likatulia basi usiendelee kufungua mashine, mgonjwa yuko mbele.

Tabia za mkono

Hapa maopereta wanakasirika ila nisiposema nitakuwa nimewaonea mafundi. Kukunja baketi mpaka mwisho alafu ukaendelea kushikilia leva wakati unatembea, rilifu iko wazi muda wote huo. Kuingia kwenye lundo ukaganda hapo tairi hazizunguki wala lundo halisogei, ni rilifu za upande wa kutembea. Kuzunguka palepale juu ya zege kwa kutwa nzima nako ni joto tupu pamoja na kula tairi. Na ukitoka kazi nzito usizime ghafla, acha injini iwake dakika tatu nne feni ipoze oili.

Upande wa tairi

Pima mota mbili, kushoto na kulia, baada ya kazi. Tofauti ya nyuzi chache sawa, ila upande mmoja ukiwa moto zaidi waziwazi una sababu. Breki ya kuegesha inaweza kuwa haiachii vizuri, mara nyingi kwa sababu presha ya chaji (ile presha ndogo inayolisha mfumo wa kutembea na kuachia breki) ni ndogo, na presha ya chaji ikiwa ndogo una matatizo mengine yanakuja nyuma yake. Angalia tairi pia: ya mbele na ya nyuma za upande mmoja zinazungushwa na mota moja kupitia cheni, kwa hiyo zinatakiwa kuwa na mzingo sawa. Mtu akifunga mpya mbele na kipara nyuma, zinavutana kila mita unayotembea. Chukua futi kamba uzungushie, usikadirie kwa macho.

Ikifika hapa bado inachemsha

Sasa ndo geji ya presha, na iwe inayobeba zaidi ya presha iliyoandikwa kitabuni. Funga kwenye sehemu ya kupimia, oili ikiwa na joto la kazi, bana silinda moja mwisho usome rilifu inafunguka kwa ngapi. Ikifunguka chini ya namba yake, ifungue uioshe kwanza, chembe moja ya mchanga chini ya kiti chake inatosha kuifanya ivuje kutwa. Usiikaze kubahatisha ili "iongeze nguvu", utapasua hosi au kichwa cha mtu.

Baada ya hapo pima oili inayorudi kwenye hosi za uvujaji wa pampu na mota za tairi, linganisha kushoto na kulia, kisha linganisha na kitabu. Mota ikivuja mara mbili ya mwenzake chini ya mzigo uleule, hiyo imechoka. Na kama mota zote sawa, silinda zinashikilia mzigo hazishuki, rilifu safi, rejeta safi, na bado ikipata moto inalegea na filta ina shaba, haya, sasa taja pampu. Na ukiibadilisha usiweke mpya juu ya oili chafu: mwaga yote, osha tangi, suuza hosi, rejeta ya oili nayo, maana machicha ya pampu ya zamani yamelala humo yanasubiri kuila mpya.

Ukishamaliza chochote ulichofanya, usimkabidhi mtu mashine kwa kuiwasha dakika mbili tu. Ipe kazi ya kweli saa nzima, pima tangi kila dakika kumi, andika kwa kalamu kwenye utepe uubandike kabini: 41, 55, 63, 69, 72, 73. Ikiwa bado inapanda nyuzi tano kila kipimo hadi mwisho, kuna birika umelisahau, rudi nyuma. Ikipanda ikaganda kwenye sabini na kitu ikabaki hapo, mpe dogo funguo zake, na huo utepe mwambie asiubandue.